Minazi Minne na Jalada la Mengineyo

Katika masjala niliyofanyia kazi ujanani, majalada yalikuwa na ukoo. Jalada kubwa tuliliita mama, na majalada madogo yaliyowekwa chini yake tuliyaita watoto. Karani mkuu, mzee wa Kibondei aliyesomeshwa na wamisheni, alinipa sheria tatu asubuhi yangu ya kwanza, kabla hata hajanionyesha pa kutundika koti. Jalada moja lisizidi karatasi mia. Mama mmoja asizidi watoto tisa. Na mtoto hazai.

Hiyo ya tatu ilinichekesha, naye hakupenda. Alitaka niifahamu vizuri kwamba chini ya mtoto hapawekwi mtoto mwingine, hata mambo yatatizike namna gani. Nilipomwuliza kwa nini watoto wawe tisa na si kumi, alifungua droo ya kadi akatoa moja. Kila jalada lilikuwa na kadi yake, na kwenye kadi kulikuwa na visanduku vilivyopigwa chapa, vinne vya namba ya mama na kimoja cha namba ya mtoto. Kadi hizo zilikuja kwa meli, zimejaa maboksi, na yeyote aliyezichora huko kwao aliona kisanduku kimoja kinawatosha watu wa Tanga.

"Kumi ina tarakimu mbili," mzee aliniambia. "Ya pili utaiandika wapi, kwenye paji la uso wako?"

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, katika ofisi ya viwanja ambayo sina haja ya kuitaja zaidi ya hapo. Nilikuwa nimetoka Mtang'ata na vyeti vyangu viwili, nimepanga chumba Ngamiani na mke wangu, na kila asubuhi nilipanda baiskeli kwenda upande wa Raskazone nikiwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa. Nilijiona nimefika. Watu wa mtaani walinisalimu kwa heshima ambayo sikuistahili, na mimi niliipokea yote.

Niliipenda masjala ile kuliko kazi yoyote niliyoifanya baadaye, na bado naiota. Ilikuwa na madirisha mawili, makabati ya chuma yaliyopakwa rangi ya kijani, na harufu ya gundi, wino na nyuzi za mkonge. Majalada yaliyojaa tuliyafunga kwa nyuzi hizo, zilizotoka kwenye mashamba ya mkonge ya huko huko Tanga, na zilituwasha viganja kutwa nzima. Saa nne mzee alikunywa chai yake ya rangi bila sukari, amekaa wima na soksi zake ndefu zimefika magotini. Mimi nilikunywa yangu nimesimama, maana kiti changu kilikuwa na mguu mbovu na hakuna aliyetaka kukitengeneza.

Sasa, mtu asiyejua pwani atauliza majalada yalijaaje upesi hivyo. Yalijaa kwa sababu ya miti. Kwetu, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Shamba laweza kuwa la fulani, minazi mitatu iliyo ndani yake ikawa ya shangazi yake, na mfenesi ulio pembeni ukawa wa mtu wa ukoo mwingine kabisa, aliyepewa na babu yao kwa wema. Mwenye mti akifa, mti unarithiwa. Shamba likiuzwa, mti hauondoki na shamba mpaka mwenyewe aseme. Kila mtu wa kwetu analijua hilo tangu angali anabebwa mgongoni, lakini aliyezichora zile kadi hakulijua. Kwake yeye kiwanja kilikuwa na mwenyewe mmoja.

Basi mimi, mtoto wa pwani mwenye kichwa kikubwa, niliona nimeletwa pale kuja kusahihisha mambo. Kila aliyekuja na habari ya mti wake nilimfungulia mtoto, na kila jalada dogo likapata jina na namba kwa mwandiko wangu mzuri. Mzee alinitazama, akarudi kwenye kadi zake. Lilikuwako shamba moja la Makorora, ambako wakati ule mji ulikuwa umeanza tu kuingia katika minazi, na katika jalada la shamba hilo nilizaa watoto tisa kwa muda wa mwaka mmoja. Mmoja wa kisima. Mmoja wa njia ya kupita. Watano wa miti. Mmoja wa kaburi. Na wa tisa, Mungu anisamehe, alikuwa na karatasi moja tu, ya jirani aliyelalamika kwamba ua wa makuti umesogezwa hatua mbili.

Siku chache baada ya huyo wa tisa, alikuja mama mmoja wa Makorora, msusi wa mikeka. Alikuwa amevaa buibui lililofifia, na vidole vyake vilikuwa na madoa ya rangi za ukindu. Nilimwamkia, akaitikia, akatoa kifuani kitambaa kilichokunjwa, na ndani ya kitambaa karatasi. Ilikuwa ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wote walivyoandika. Nilisoma chuo cha Kurani huko Mtang'ata, kwa hiyo niliisoma palepale kwa sauti, na yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, maana aliijua kwa moyo ingawa hakujua kusoma. Ilisema minazi minne katika shamba lile ni mali ya mama yake na kizazi chake: mmoja uliopinda kuelekea kisimani, miwili iliyoota pamoja kama mapacha, na mmoja wenye kovu la radi. Chini yake walitia mikono mashahidi wawili, nao wote walikuwa wamekwisha kufa.

Hakutaka kuniachia. Alisema alikuja tu ili serikali iisome na kujua, kisha arudi nayo kwenye kasha lake. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimweleza habari za panya, mchwa na mvua inayovuja, nikamwonyesha makabati ya chuma, nikaligonga moja kwa ngumi ili asikie lilivyo imara.

"Serikali haipotezi karatasi, mama," nilimwambia.

Akaniachia. Alirudi na kitambaa kitupu, nami nikakaa kuitafutia karatasi yake mtoto wa kuiweka, nikakuta sina. Tisa walikuwa wamejaa. Nilikwenda kwa mzee nikamwomba wa kumi, akaninyooshea kadi tena, akionyesha kile kisanduku kimoja. Kisha akaniuliza kama miongoni mwa wale tisa hakuna ambaye anaweza kurudishwa tumboni mwa mama yake, yaani karatasi zake zihamishwe katika jalada kubwa na namba ipewe mwingine. Nilijua yuko. Yule wa ua wa makuti. Lakini kumtaja kulikuwa sawa na kukiri kwamba nimetumia namba ya mwisho kwa hatua mbili za makuti, na sikuwa tayari kuyaona macho ya mzee juu ya miwani yake. Nikasema hakuna.

Kwa hiyo minazi minne ya mama yule niliitia katika Mengineyo.

Kila masjala ina jalada kama hilo. Kitu kisicho na pa kwenda kinakwenda huko. Mengineyo halikuwa mama wala mtoto, na karatasi zilizoingia humo hazikuandikiwa kadi. Likifika karatasi mia tulilifunga kwa mkonge tukaanza sehemu ya pili, ya tatu, na kuendelea. Lakini droo yake ilichukua sehemu tisa tu. Ya tisa ikijaa, ya kwanza ilitolewa, ikapitiwa karatasi moja moja ili yenye maana iokolewe, kisha iliyobaki ikachomwa katika pipa nyuma ya ofisi. Nilijua hayo yote. Niliona ni mambo ya miaka mingi ijayo.

Haikuchukua miaka mingi. Mji ulikuwa unakua, watu waliandika kuhusu kila kitu, na Mengineyo lilinenepa kupita yote. Siku ya kupitia sehemu ile ya zamani ilikuwa Ijumaa. Mzee alikwisha pitia barua zote za Kiingereza na za Kiswahili cha herufi za kizungu, akanisukumia bunda dogo lililobaki, zile za herufi za Kiarabu, ambazo yeye hakuweza kuzisoma. Alinipa na fomu ya kutia saini kwamba nimezisoma zote na hazina kitu. Nje adhana ilikuwa inakaribia. Nilikuwa nimechelewa, nina njaa, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza na nilimwahidi kurudi mapema. Nilipitisha kidole gumba pembeni mwa bunda, nikaona ni salamu na malalamiko kama kawaida, nikatia saini. Nilisali safu ya mbele siku hiyo.

Baada ya wiki chache mama yule alirudi. Hakuketi. Aliniambia kuwa shamba limeuzwa, aliyenunua ni mtu wa bara aliyefanya kazi miaka mingi katika mkonge na sasa anataka kujenga nyumba ya vyumba sita, na amekwisha tia alama ya chokaa kwenye minazi anayotaka kuikata. Yote minne imo. Huyo bwana hakuwa mtu mbaya, mama mwenyewe alisema hivyo. Aliamini kwamba amenunua kila kilichosimama juu ya ardhi ile, na alikuwa tayari kuacha kama angeonyeshwa karatasi. Shauri lingesikilizwa Alhamisi, barazani kwa liwali. Minazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha tangu mumewe afe, kwa nazi, mafuta na makuti, na hakuwa na kitu kingine zaidi ya mikeka.

"Nimeifuata karatasi yangu, mwanangu," alisema. "I wapi?"

Nilimwambia arudi kesho. Alipotoka nilifungua droo ya Mengineyo nikaitoa sehemu ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa, nikifungua nyuzi zile za mkonge kwa meno, huku nikijua fika kwamba haimo. Ilikuwa katika ya kwanza. Nikaenda nyuma ya ofisi kuchungulia pipa. Palikuwa na majivu yaliyolowa mvua na vibanio vya chuma vya majalada, vyeusi vimepindana. Nilitia mkono nikachakura kama kuku, nikatoka na mkono mweusi hadi kwenye kiwiko. Nililia pale, sioni haya kusema.

Nilimweleza mzee. Hakunigombeza. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, kisha akaniambia kitu ambacho sikukitazamia kutoka kwake. Alisema karatasi isiyo na kadi, kwa masjala, haikupata kuingia. Hakuna alama yoyote katika ofisi nzima kwamba mama yule alileta kitu. Fomu yenye saini yangu ilisema tu kwamba bunda halikuwa na maana. Nikikaa kimya, hakuna wa kuniuliza. Nikisema, nimejishtaki mwenyewe kwamba nilitia saini ya uongo, na kazi ya masjala ndiyo basi.

"Nakwambia kwa sababu una mtoto anakuja," alisema. "Uamuzi ni wako."

Naona aibu kueleza kwamba nilifikiri siku nzima. Nilijiambia labda majirani watamtolea ushahidi. Nilijiambia kwamba mtu wa bara atamhurumia. Jioni ya pili, mama hajarudi bado, nilipanda baiskeli nikaenda Makorora mwenyewe. Nilimkuta barazani kwake anasuka ukili, nikaketi chini mbele yake, nikamweleza yote kuanzia ua wa makuti mpaka adhana ya Ijumaa. Sikuacha kitu. Alikuwa anasuka muda wote niliposema, na nilipomaliza aliendelea kusuka, nikasikia tu ukindu unavyosuguana. Nilitamani anitukane.

Mwishowe aliniuliza kama ile siku niliyoisoma kwa sauti niliifahamu. Nikasema ndiyo.

"Basi wewe ndiwe karatasi," alisema. "Alhamisi uje."

Nikaenda. Niliomba ruhusa ya asubuhi moja, nikavaa kanzu badala ya shati jeupe, nikasimama mbele ya liwali na wazee waliokaa naye. Yule bwana wa bara alikaa upande wa pili, kofia yake magotini. Nilieleza mimi ni nani na nilifanya nini. Niliposema kwamba nilitia saini bila kusoma, watu waligeuka kunitazama, na masikio yalinichoma. Kisha nikaisoma ile karatasi kutoka kichwani, neno kwa neno kwa kadiri nilivyoweza. Uliopinda kuelekea kisimani. Miwili mapacha. Wenye kovu la radi. Liwali aliniuliza kama nimewahi kufika katika shamba lile, nikaapa sijawahi kutia mguu, na hiyo ilikuwa kweli.

Aliwatuma wazee wawili wakatazame. Tulingoja mpaka karibu na adhuhuri. Waliporudi walisema mambo ni kama karani alivyosema, ila wa radi umepona na kovu lazima ulitafute kwa mkono. Bwana wa bara aliuliza swali moja tu, kwa nini hakuna aliyemwambia siku ya kununua. Akakubali. Alisema ataigeuza nyumba yake ielekee upande mwingine, na aliigeuza.

Jumatatu yake niliondolewa masjala. Mzee mwenyewe aliandika barua, kwa mwandiko wake ulionyooka, na akanipa mkononi bila kunikwepa macho. Sikufukuzwa. Nilipelekwa kaunta ya mbele, kupokea watu na kuwaelekeza milango, kusimama kutoka asubuhi hadi jioni, na huko ndiko nilikobaki mpaka nilipohama ofisi ile. Kutoka kaunta niliweza kusikia droo za kijani zikifunguliwa na kufungwa. Nilizijua kwa sauti, kila moja. Ilikuwa inaniuma, na sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Kabla ya kukabidhi funguo nilifanya kazi moja ya mwisho. Mzee alinitaka nimletee jalada la lile shamba la Makorora. Akamchukua yule mtoto wa tisa, akaitoa karatasi yake moja ya ua wa makuti, akaipachika ndani ya mama yake. Akafuta jina la ua kwenye kadi kwa kifutio, akapuliza vumbi, akanipa kalamu. Niliandika: minazi minne. Ndani tukatia nakala ya hukumu ya liwali. Kazi yote hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai, naye akalirudisha jalada kabatini.

Mke wangu alijifungua mwezi uliofuata, mtoto wa kike. Siku ya arobaini nyumba ilijaa watu, na miongoni mwao akaja mama wa Makorora, amebeba mkeka mpya na madafu manne. Alimpakata mtoto kwa muda mrefu. Alimwita mjukuu wake, akasema mbele ya wanawake wote waliokuwapo kwamba ule mnazi uliopinda kuelekea kisimani, tangu siku ile, ni wa huyu. Mkono wangu, kwa mazoea ya kikarani, ulikwenda mfukoni kutafuta penseli na kipande cha karatasi.

"Usiuandike, mwanangu," alisema. "Utakosa pa kuuweka."

Wanawake walicheka, nami nikacheka, nikairudisha penseli mfukoni. Sikuuandika mahali popote mpaka leo. Mama yule alifariki binti yangu akiwa bado shule, na yule bwana wa bara naye akazikwa huko huko Makorora, akaacha nyumba kwa wanawe. Kila mavuno nazi za mnazi mmoja zililetwa nyumbani kwetu Ngamiani ndani ya kikapu. Baadaye binti yangu alipoolewa zilimfuata kwake. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, yeye mwenyewe akiwa mama wa watoto wakubwa, kijana ambaye hatukupata kumwona alipiga hodi mlangoni kwangu. Alikuwa mjukuu wa yule bwana wa bara. Aliniamkia, akasema ametumwa na baba yake, mnazi wenu umeanguka usiku, mje mchukue gogo.